Waya Niliokata Mwenyewe

Habari ya kifo cha Fundi Zuberi ilinikuta Mwanza, nimepanga foleni ya dawa za presha, na kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huzuni. Kilikuwa nafuu. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Kwa dakika mbili tatu nilipumua vizuri, kwa sababu mtu niliyepaswa kumwomba radhi hangeweza tena kuniuliza neno. Kisha aibu ikanishika, nikaiacha foleni, nikarudi nyumbani kufunga begi. Nilijua mazishi yangekuwa yamekwisha, maana wenzetu Waislamu hawachelewi kuzika, lakini matanga ningeyawahi. Asubuhi yake nilikuwa ndani ya basi la Biharamulo, bibi kizee anayekaribia sabini, na njia nzima nilifanya kile nilichokikwepa kwa miaka arobaini na ushee. Niliukumbuka mwaka wa vita vya Kagera, siku baada ya siku, bila kuruka zile zinazouma.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa ndani kidogo ya barabara iendayo Nyakanazi. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari, na watu walikuwa wameletwa pale kutoka kila upande: Wasubi, Wahangaza waliotoka Ngara, Wasukuma wawili watatu na ng'ombe wao. Kiswahili kilikuwa cha mikutano na cha darasa langu la jioni. Jikoni kila mtu alirudi kwenye lugha yake. Nilipewa chumba cha nyuma nyumbani kwa Nestori, dereva wa kijiji ambaye hakuwa na gari la kuendesha, na mkewe Domitila, Mhangaza wa rika langu, mwenye maneno mengi na kicheko kilichosikika hadi kisimani. Kati ya chumba chao na changu palikuwa na ukuta wa matete uliokandikwa udongo upande mmoja tu, upande wao. Kila walichosema nilikisikia, hata nilipojitia hamnazo. Nilijua chumvi ilipokwisha, nilijua Nestori alipotukanwa kwenye mkutano, na nilijua Domitila alipoanza kutapika asubuhi kabla mumewe hajajua maana yake.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu, Landrova ya zamani iliyowahi kutumika porini kwenye kazi ya kuua mbung'o. Ilikuwa imelala katika ghala la pamba miaka mitatu. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, na panya walikuwa wametafuna nyaya zote, hawakubakiza hata za taa. Mwenyekiti alikwenda Biharamulo mjini akamleta Fundi Zuberi, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya kitani iliyogeuka rangi ya oili. Aliponiona nachungulia injini akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia kwamba katika mafunzo ya vijana wasichana wanne tulifundishwa umeme wa magari, kwa kuwa darasa la ushonaji lilikuwa limejaa. Hakucheka. Alisema yeye ni mtu wa chuma, mambo ya waya hayawezi tangu macho yalipoanza kumsumbua, na kama najua basi nilete mikono. Kila kifaa alichokitoa alikilaza juu ya gunia kwa mpangilio wa kutoka kwake. Wazee walimwonya kwamba haifai mwanamke kuruka vyuma vya kazi. Akawajibu kwamba pale haruki mtu yeyote, mwanamke wala mwanamume, vitapotea.

Tulifanya kazi ile miezi miwili, asubuhi hadi saa ya darasa langu. Valvu alizisaga kwa mkono, moja moja, akiimba kasida kwa sauti ya chini. Gaskiti ya shaba aliichoma kwenye mkaa hadi ikalainika, akairudisha mahali pake. Nati iliyogoma hakuilazimisha, aliitia mafuta, akaenda kuswali, akirudi inafunguka. Upande wangu shida ilikuwa waya. Katika mji mzima haukupatikana, mpaka bunda moja la waya likaletwa kutoka Kabanga, lililovuka mpaka kwa njia zake, nalo lote lilikuwa jekundu. Fundi yeyote atakuambia gari haliunganishwi kwa rangi moja, utapotea. Lakini hatukuwa na jingine. Domitila akanipa kanga yake iliyochakaa, tukaichana vipande, nikavifunga kwenye nyaya niwe nazitambua: vya pindo jeusi kwa taa, vyeupe kwa stata, vya maua kwa koili. Zuberi aliniomba nichore ramani kwenye karatasi. "Chora, mwanangu," alisema. "Siku ambayo hupo tutafanyaje?" Nikasema nitachora. Sikuchora. Nilipenda kuwa mtu pekee anayelielewa gari lile.

Kulikuwa na koili ya zamani, kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwashia, imeshika kutu nje, nami nikasema ingekuwa heri tutafute nyingine. Zuberi aliipima mbele ya Mwenyekiti na watu wengi waliokuwa wamekaa pale kutazama, ikatoa cheche nzuri ya bluu. Akasema, "Hii itatuzika sote." Watu wakacheka, nami nikacheka. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza hakushangilia. Alikaa kwenye kopo lililopinduliwa, akamwagiza Domitila kahawa, akainywa taratibu huku injini ikinguruma, na hakuruhusu mtu kugusa kitu hadi alipofika mwisho wa kikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Gari lisilosubiri kikombe kimoja halijapona. Mchana ule tulikula ndizi na maharage, na sahani ya senene wa kwanza wa msimu, hapo hapo ghalani. Nestori alikula amesimama, mkono mmoja juu ya boneti. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena katika kazi yoyote, na nimefanya nyingi.

Vita vilikuwa vimekwisha kutangazwa. Redio ya Mwenyekiti ilisikilizwa na kijiji kizima, na pale barabarani malori na mabasi yalipita kuelekea kaskazini yakiwa yamejaa vijana wanaoimba. Tukasikia kwamba magari ya watu na ya vijiji yanakusanywa, gari pamoja na dereva wake. Usiku ukuta wangu wa matete ulinipa yote. Nestori alikuwa anasema likiitwa gari, na yeye ameitwa, na kwamba amechoka kuwa dereva wa mdomo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesubiri sherehe. Domitila hakujibu, na mumewe aliuchukua ukimya ule kuwa ni kukubali.

Kesho yake tukiwa tunamenya ndizi, Domitila aliweka kisu chini. Alikuwa akichanganya r na l kama wengi pale, na jina langu, Felista, alilifupisha kwa namna yake. "Dada Feri," alisema, "hiri gali umerifunga waya wewe. Si unaweza kurinyamazisha? Wakija rikae kimya, waondoke." Nikamwambia hilo si jambo la mchezo. Akanishika mkono akauweka tumboni mwake. "Nestori akienda haludi. Wiki moja tu, dada. Wakipita, unarifungua." Ningependa kuandika kwamba nilikataa kwanza. Sikukataa. Nilimpenda Domitila, hilo ni kweli, lakini nilikuwa pia najipenda mimi: gari lile lilikuwa kazi ya mikono yangu, na sikutaka kulitoa likalipuliwe Kagera. Kwamba gari lisipokwenda huenda mahali fulani askari atatembea kwa miguu akiwa amejeruhiwa, hilo halikunipitia akilini hata mara moja.

Nilichagua saa ya adhuhuri. Zuberi, aliyekuwa amebaki kijijini kutengeneza mashine ya kusaga, alikwenda kuswali nyuma ya ghala. Ningeweza kuchomoa kifaa kizima na kukificha, lakini fundi yeyote wa wilaya angeona pengo mara moja. Kwa hiyo nilichukua ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye distributa inayogawa cheche, nikaukata, nikaziachanisha ncha zake kidogo tu, kisha nikazungushia juu kitambaa cha maua nikakikaza. Kilionekana sawa na mafundo mengine yote niliyoyafunga. Kabla Zuberi hajakunja mkeka wake, nilikuwa nimekwisha kunawa.

Walikuja siku ya tatu, ofisa mmoja, askari mmoja na fundi wao. Nestori alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Akapiga stata, ikazunguka bila kuwaka. Wakajaribu kuizungusha kwa hendeli, wakajaribu kulisukuma, wanaume ishirini wakaenda nalo uwanja mzima wa mpira na kurudi, jasho likiwatoka. Fundi wao aliinama dakika chache, akasema hakuna cheche. Ofisa akamgeukia Zuberi mbele ya watu wote, akamwambia kijiji kimejinyima kwa ajili ya gari hili na yeye amekitengenezea banda la kuku. Zuberi aliinamisha kichwa. Kisha ofisa akasema watarudi baada ya siku kumi, na kama gari litakuwa bado halijawaka, litaulizwa swali moja tu, kama ni ufundi mbaya au ni hujuma. Wasiokuwepo zama zile hawajui uzito wa neno hilo. Mtu aliweza kulala jela kwa neno hilo. Nilimtazama Domitila aliyekuwa mlangoni kwake, naye akatazama pembeni.

Siku tatu zilizofuata Zuberi hakula chakula cha maana. Alisafisha platini, akabadilisha plagi, akapeleka moto moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye koili, cheche hakuna. Mwisho akaniita. "Waya zako ziko sawa, mwanangu?" aliniuliza. Nikamjibu, "Ziko sawa, Fundi." Hakuuliza mara ya pili. Laiti angeuliza mara ya pili, nadhani ningesema. Lakini aliniamini, na kwa kuniamini akahukumu kwamba koili imekufa, koili ile ile aliyoisifu mbele ya kijiji kizima. Akaniomba mimi niende Kabanga kwa mfanyabiashara aliyetuletea waya, kwa kuwa ni mimi niliyeweza kuitambua koili inayofaa. Nilikuwa nimejifungia njia zote. Kukataa safari kulikuwa ni kukiri. Kuunga waya kulikuwa kazi ya dakika mbili, lakini maofisa wangerudi, Nestori angeondoka, na bado lingebaki lile neno hujuma. Mkunga alisema Domitila ana miezi miwili mbele yake. Nikapiga hesabu zangu, nikaona kuna muda wa kwenda na kurudi kabla hajajifungua.

Domitila alinifungia viazi vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akanisindikiza hadi barabarani. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Usihalakishe." Na kweli sikuharakisha. Magari yalikuwa machache, nilipanda lori la chumvi hadi Nyakanazi, nikangoja siku nzima, nikapata jingine la kupandisha Ngara. Kabanga niliipata koili kwa saa moja. Ningeweza kugeuka siku hiyo hiyo. Nilipofika Ngara mjini nikakuta padri mgeni anaadhimisha misa na kwaya imejiandaa, wasichana niliowajua wakanikaribisha, nikalala, na siku iliyofuata nikashinda nao pale mlimani tukisukana na kucheka. Siku ile ya ziada haikuwa na sababu yoyote. Nimeipima tangu wakati huo mara nyingi kuliko jambo jingine lolote maishani mwangu, na ni siku ile ile.

Niliporudi, wanawake wa darasa langu niliokutana nao njiani hawakunisalimu kwa maneno, walinishika mabega tu. Mbele ya nyumba ya Nestori watu walikuwa wameketi kwenye majani. Domitila alikuwa amezikwa siku moja kabla. Damu ilimtoka alfajiri ya siku ile niliyoshinda Ngara, mimba ikiwa na miezi saba. Mkunga akasema hili ni la hospitali, wakakimbilia gari. Zuberi alilala chini ya pikapu ile tangu asubuhi hadi alasiri, akichomoa na kurudisha, Nestori akimwita kwa jina la Mungu awashe. Waliposhindwa, wanaume wakafunga machela ya miti, wakambeba wakipokezana kuelekea barabarani, kisha kuelekea Nyakanazi ambako pengine lori lingepatikana. Alifariki njiani, na mtoto ndani yake. Mkunga alinivuta kando akanieleza jambo alilodhani litanifariji. Alisema Domitila, kila maumivu yalipopungua, alikuwa akisema, "Mwiteni Feri, yeye anajua." Walidhani anamlilia rafiki yake. Hakuna aliyemwuliza najua nini, naye hakusema zaidi, sijui ni kwa kunilinda mimi au kwa kuwa nguvu zilimwishia.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema, nami sikusema. Nilifanya kibaya zaidi. Zuberi aliipokea koili mikononi mwangu, akaenda kutawadha kwanza, na mimi nikasema nitakagua nyaya. Nilifungua kile kitambaa cha maua, nikaunga zile ncha, nikafunga tena. Aliporudi akaiweka koili mpya, Nestori akapiga stata mara moja, na gari likawaka. Watu walikuwa wamejaa ghalani, injini peke yake ndiyo ilisikika. Zuberi hakuagiza kahawa. Alinyoosha mkono akaizima, akageuka kwa Nestori. "Basi ilikuwa koili," alisema. "Ni mimi niliyesema ni nzima. Ni mimi." Nestori akatoka nje. Nami nilisimama pale na koleo mkononi, nikiona mtu mwema anajitwisha kifo kisicho chake, na nikaufyata.

Maofisa walirudi, wakalichukua gari, na Nestori akaenda nalo bila kuagana na mtu. Mimi niliomba uhamisho, nikaondoka kabla vita havijaisha. Baadaye nilisikia kwa watu kwamba Zuberi alirudi Biharamulo akafunga gereji, akauza spana zake, akaishi kwa kufuga mbuzi. Niliolewa, nikazaa, nikapata kazi ya umeme wa magari iliyonilisha hadi kustaafu, na wenye kunisifu walisema sijawahi kukosea waya. Nilimwandikia Zuberi barua tatu. Hakuna hata moja iliyofika posta.

Matangani nilimkuta Nestori ameketi kwenye mkeka pembeni, mzee mwembamba, na alinitambua kabla sijamtambua. Aliniuliza habari za watoto. Yeye hakuoa tena. Akaanza kunisimulia habari za marehemu kama anavyosimuliwa ndugu: kwamba kila Idi Zuberi alimletea nyama kijijini, kwa baiskeli mwanzoni, na miaka ya mwisho akiletwa na mwanawe, na kila mara alimwomba msamaha upya. "Nilikuwa namwambia, Mzee, nimeshakusamehe," Nestori alisema. "Mwaka unaofuata anakuja tena." Nikashindwa kuendelea kukaa. Nikamwambia. Nilimwambia waya, kitambaa, safari, siku ile ya Ngara, na jinsi nilivyounga mwenyewe huku yule mzee anatawadha. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kwa nini nilikata, nami nikamwambia hilo pia, kwamba aliyeniomba ni Domitila, ili yeye asiende vitani akafa.

Nestori alitazama mikono yake. "Lakini nilikwenda," akasema. "Nilikwenda na nikarudi, hata mkwaruzo sikupata." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayejaribu kumweleza mtu asiyekuwepo. Nikaanza kusema naomba unisamehe, akanizuia kwa kiganja. "Mimi msamaha wangu nimeutumia wote kwa mtu asiye na kosa," alisema. "Simama, dada. Twende kwa watoto wake."

Wana wa Zuberi walikuwa watatu, wamekaa na wageni upande wa wanaume, ndevu zimeingia mvi. Nestori akawaambia mama huyu ana neno kuhusu baba yenu, kisha akakaa chini. Nilieleza nikiwa nimesimama, kwa sauti ambayo walio karibu wote waliisikia. Mkubwa wao alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilipomaliza, hakuuliza habari za waya wala za gari. Aliuliza kama miaka yote hiyo nilikuwa najua baba yao anaishi wapi.

"Nilijua," nikamjibu.